Masha na Moto wa Jikoni

Masha alikuwa mchoma chokaa. Kila siku kabla jua halijachomoza alitoka nyumbani kwake Muyeye, mjini Malindi, akaenda kwenye tanuri. Huko alipanga magogo chini na mawe ya matumbawe juu, kisha akawasha moto. Moto wenyewe haukuwa wa mchezo. Ulinguruma mchana kutwa, na wanaume wanne waliulisha magogo bila kupumzika mpaka mawe yakageuka meupe. Kwa miaka kumi na mmoja kazi ya Masha ilikuwa hiyo, kuukuza moto.

Moto wa jikoni ulikuwa wa mkewe, Kadii. Masha hakuwahi kuushughulikia. Alirudi alasiri, akaoga vumbi la chokaa, akaketi mkekani, na chakula kikaja. Leo maharagwe ya nazi, kesho samaki, keshokutwa mchicha. Alikula, akashukuru, akajinyoosha kidogo. Ungemuuliza maharagwe hupikwa vipi, angekujibu kwamba hupikwa na Kadii.

Mwanzoni mwa mwaka 1985 Kadii aliugua homa. Siku ya kwanza alisema ni uchovu tu. Siku ya pili hakuweza kusimama. Siku ya nne walimzika. Alimwacha Masha na watoto wawili wa kike. Mbeyu alikuwa na miaka tisa, naye alikuwa darasa la tatu. Jedida alikuwa na miaka minne, na kila jioni alimwuliza baba yake mama atarudi lini.

Siku za hanga, yale matanga ya Wagiriama, zilipokwisha, waombolezaji walifunga mizigo. Mama yake Kadii, ambaye watoto walimwita hawe, yaani bibi kwa Kigiriama, alibaki nyuma ya wenzake. Alikuwa na neno. Kwa desturi yao, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana sana. Hawaketi mkeka mmoja wala hawali pamoja. Basi Masha alisimama kando ya mlango, macho chini.

"Masha," alisema mama mkwe, "wewe ni mtu wa tanuri. Watoto hawa nani atawapikia?"

"Nitawapikia mimi, mama."

Wanawake wawili waliokuwa wakikunja mikeka waliangua kicheko. Kisha wakakumbuka kwamba wako msibani, wakanyamaza.

"Nipe niende nao Adu," alisema mama mkwe. "Kwangu hakuna kingi, lakini nitawatunza."

Masha aliijua hali ya Adu mwaka ule. Mvua ilikuwa imekosa. Watu walikuwa wakila mahindi ya manjano ya msaada, na maji yalichotwa mbali. Shule nayo ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mbeyu angeacha masomo, hilo alikuwa na hakika nalo. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuweza kulisema mbele ya mkwe. Watoto wakiondoka, yeye atabaki na kuta tu. Aliogopa kurudi kutoka kazini na kukuta kimya.

"Mama, nakuomba unipe mwezi mmoja," alisema. "Ukiona nimeshindwa, sitakuzuia."

Mama mkwe alijitwika mzigo wake. "Mwezi mmoja. Lakini nikisikia wanateseka, sitangoja uishe."

Jumatatu iliyofuata Masha alianza kupika. Alinunua maharagwe mekundu sokoni, akayamimina kwenye sufuria pamoja na maji. Kisha akafanya alichojua. Alisukumiza kuni kati ya mafiga, akapepea mpaka ndimi za moto zikapanda juu ya mdomo wa sufuria. Maji yalichemka kwa fujo, yakamwagika, yakakauka. Akaongeza maji baridi. Yakachemka, yakakauka tena. Akaongeza mengine. Kuni za siku tatu zilikwisha mchana mmoja. Alipopakua, maharagwe ya chini yalikuwa yameungua, ya juu yalikuwa yamepasuka maganda, na ndani yote yalikuwa magumu.

Mbeyu alitafuna kimya. Jedida alitema.

"Hii si ya mama," alisema Jedida.

Kesho yake Masha alijaribu samaki wa nazi. Alikuna nazi, akakamua, akamimina tui lote juu ya samaki. Akachochea moto ule ule wa tanuri. Tui likakatika. Mafuta yakaelea juu na vipande vyeupe vikazama chini. Samaki naye akavunjikavunjika, ikabaki miiba inayoelea. Siku ya tatu walikula mkate na chai ya rangi. Siku ya nne pia.

Wiki ya pili, Masha aliporudi kutoka kazini, alimkuta Mbeyu ameinama mbele ya mafiga, macho mekundu kwa moshi. Sare yake ya shule ilikuwa imetundikwa ukutani, safi, haijavaliwa.

"Mbona hukwenda shule?"

"Nimebaki kupika, baba."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna." Mbeyu alifuta kamasi kwa mgongo wa mkono. "Lakini nani atapika? Jedida analia njaa."

Masha alitoka, akaketi nyuma ya nyumba. Alikuwa ameomba mwezi mmoja ili mtoto asiache shule, na mtoto alikuwa ameacha shule kwa ajili yake.

Siku iliyofuata, kwenye tanuri, alimweleza mwenzake mmoja shida yake. Mwenzake naye hakuwa mpishi, lakini wanaume wasiopika huwa na ushauri mwingi.

"Moto wako ni mkubwa mno," alisema yule mtu. "Nyumbani kwangu naona chungu kikikaa juu ya makaa kutwa nzima. Moto mdogo, bwana! Kiache kipike chenyewe."

Masha aliona hilo ni neno la maana. Kesho yake alfajiri aliosha maharagwe, akayatia maji, akaiweka sufuria juu ya makaa machache, akaifunika. Maji hayakuchemka. Yalipata joto tu, yakatoa mvuke kidogo. Masha alifurahi. Safari hii hakikuungua kitu. Alimwambia Mbeyu aende shule, kisha akampeleka Jedida kwa jirani yao, Nduku.

"Mbeyu akirudi mchana, wale. Maharagwe yapo jikoni," alimwambia Nduku. "Nimeyapika polepole."

Nduku alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Ukambani. Mumewe alikuwa seremala, na yeye mwenyewe aliuza nafaka mbele ya nyumba. Alishangaa kidogo kusikia mwanamume anasema amepika polepole, lakini wateja walikuwa wakimsubiri, naye hakuuliza zaidi.

Saa tisa Masha alirudi. Hata kabla hajafika mlangoni alisikia mtoto akitapika.

Jedida alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, uso umesawajika. Mbeyu alikuwa ameinamia beseni. Nduku alikuwa katikati yao, ameshika kikombe na kijiko.

Masha alisimama mlangoni. Kadii naye alikuwa amelala pale pale, kwenye mkeka ule ule.

"Wanakufa?" aliuliza. "Dada Nduku, niambie kweli. Wanakufa?"

"Hawafi, baba Mbeyu. Keti chini kwanza. Wametapika tangu saa saba, lakini sasa kunapungua. Nimewapa maji yaliyochemshwa yakapoa, nimetia sukari na chumvi kidogo. Kijiko kimoja kimoja. Wakitapika nangoja, nawapa tena. Mpaka saa kumi na moja kusipotulia, tunawabeba zahanati."

"Wamekula nini?"

Nduku alimwonea huruma. "Wamekula maharagwe yako," alisema.

Walikaa pale, kila mmoja amempakata mtoto mmoja, wakitia maji kijiko kwa kijiko. Kufikia saa kumi na moja kutapika kulikuwa kumekoma. Jedida alilala usingizi. Mbeyu aliomba maji mwenyewe, akanywa kikombe kizima, yakakaa tumboni. Masha alimshukuru Mungu. Kisha alianza kulia, na hakujificha. Hakuwa amelia vile hata siku ya mazishi.

Lakini Muyeye nyumba zimekaribiana, na habari haina mlango. Siku mbili baadaye Mramba, kaka yake Kadii, alifika. Hakuketi. Alizungumza akiwa amesimama, kama mtu aliyetumwa asiyeupenda utume wake.

"Shemeji, mama amesikia watoto walilishwa chakula kibovu. Anasema hatangoja mwezi uishe. Jumamosi ya wiki ijayo atakuja kuwachukua. Anasema uwafungie nguo zao."

Mramba alipoondoka, Masha alihesabu kwa vidole. Zilikuwa zimebaki siku saba. Alikwenda kwa Nduku, akasimama mbele ya magunia ya nafaka.

"Dada Nduku, wewe unajua kupika."

"Najua. Kabla ya kuja huku nilipikia shule ya bweni miaka minane. Sufuria zenyewe ungeweza kuingia mzima."

"Basi nifundishe. Nimepika kwa moto mkubwa, kikaungua. Nimepika kwa moto mdogo, nikakaribia kuwaua wanangu. Mimi sijui tena moto gani ndio wa haki."

Nduku alimtazama. Macho ya Masha yalikuwa yameingia ndani.

"Nitakufundisha," alisema. "Lakini mimi sitashika mwiko. Nikikupikia, mtashiba leo tu. Na nitaketi nje, mlango wazi, kila mtu anione. Watu wa hapa unawajua."

Jioni ile alimletea kibaba cha maharagwe. Aliketi kwenye kigoda nje ya mlango wa jikoni, Masha akawa ndani.

"Yachague kwanza. Toa mawe na yaliyooza. Sasa yatie maji mengi, uyaache yalale humo mpaka asubuhi. Mwaka huu maharagwe ni ya zamani na makavu. Yasipolowekwa utamaliza kuni zote za Malindi."

Asubuhi, kwa kuwa ilikuwa Jumapili na tanuri lilikuwa limepumzika, waliendelea.

"Mwaga maji yaliyolala nayo. Usiyapikie. Tia maji mengine safi, yapite maharagwe kwa kiasi cha viganja viwili. Injika."

Masha aliinjika.

"Sasa, baba Mbeyu, washa moto wako wa chokaa."

Masha aligeuka kumtazama, akidhani anamdhihaki.

"Kweli nakwambia. Mkubwa! Maharagwe mekundu yana sumu ndani yake yakiwa mabichi. Sumu hiyo haitoki kwa maji ya moto tu. Hufa maji yakichemka kwa nguvu. Siku ile uliyaweka juu ya makaa, yakapata joto, yakalainika kidogo, lakini hayakuchemka hata mara moja. Yalionekana yameiva, kumbe sumu iko pale pale. Hata kule shuleni tuliwahi kukosea hivyo. Kuni zilikuwa mbichi, tukapakua hivyo hivyo. Wasichana arobaini walitapika jioni moja. Sitasahau."

Maji yalianza kutoa vipovu vidogo pembezoni.

"Yamechemka," alisema Masha.

"Bado. Hayo yanajifanya. Ngoja."

Vipovu viliongezeka. Kisha maji yote yakapinduka, ya chini yakaja juu, ya juu yakaenda chini, na maharagwe yakarukaruka ndani.

"Hapo ndipo yamechemka," alisema Nduku. "Ukiyakoroga hayatulii, yanaendelea kuruka. Yaache hivyo hivyo robo saa. Usifunike, yasije yakamwagika. Maji ya kunywa ya watoto pia yachemshe mpaka yapinduke namna hiyo. Mvuke peke yake hautoshi."

Masha alisimama akiyatazama. Alikuwa amezoea kuangalia mawe ndani ya moto. Hakuwa amewahi kuangalia maji.

Robo saa ilipopita, Nduku alisema, "Sasa vuta kuni nje. Bakiza kijinga kimoja cha moto na makaa. Funika, uache uwazi mdogo."

Fujo ikapungua. Maji yakawa yanatokota taratibu, kipovu kimoja huku, kingine kule.

"Moto mkubwa umekwisha kazi yake," alisema Nduku. "Ukiuacha, utapasua maganda na kukausha maji, na moyo wa haragwe ubaki mgumu. Kulainisha ni kazi ya moto mdogo. Nao hauna haraka. Maji yakipungua ongeza ya moto, si ya baridi. Ya baridi yanakatisha mpiko. Nyanya na ndimu usitie sasa, yatakataa kuiva. Ngoja yalainike kwanza."

"Nitajuaje yameiva?"

"Toa matano, si moja. Yafinye kwa vidole. Yote yakipondeka bila kubishana nawe, yameiva."

Masha alifinya mara tatu kabla hayajakubali. Wakati wa kungojea alimwuliza jambo lililokuwa likimsumbua. "Na tui? Mbona langu lilikatika?"

"Ulilichemsha kwa nguvu, ndiyo maana. Tui si maji. Kamua nazi mara ya kwanza, upate kasimile, lile tui zito. Liweke kando, tena lifunike. Tia maji kwenye chicha iliyobaki, ukamue tena, upate tui jepesi. Hilo jepesi ndilo utakalotia kwanza pamoja na kitunguu, nyanya na chumvi, litokote na maharagwe. Kasimile litie mwisho kabisa. Moto uwe mdogo, usifunike, koroga polepole bila kuacha. Likianza kutetemeka juu, epua. Usingoje lipinduke. Samaki naye ni hivyo hivyo. Mpike kwa mtetemo, hatavunjika."

Masha alishangaa. "Dada, wewe ni mtu wa bara. Mambo ya nazi umeyajulia wapi?"

Nduku aliinamisha kichwa. Alichora mchangani kwa kidole, akafuta, akachora tena.

"Ni Kadii aliyenifundisha," alisema. "Nilipofika hapa nilikuwa sijawahi kukamua nazi. Niliichemsha kama maziwa ya ng'ombe, ikakatika, mume wangu akaimwaga. Kadii aliona. Alinicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniita hapa jikoni kwake. Yeye alikuwa hapo uliposimama wewe, na mimi nilikuwa hapa hapa nje, kwa sababu nilimwonea haya."

Maharagwe yalitokota.

"Miaka kumi na mmoja," alisema Masha baadaye. "Miaka kumi na mmoja nimekula chakula chake. Sikuwahi hata kusimama mlangoni nione anafanya nini."

Nduku hakumwambia neno la kumfariji. Alilosema Masha lilikuwa la kweli, naye aliliacha jinsi lilivyo. Alimwambia tu, "Koroga chini. Yasishike."

Siku zilizofuata Masha alipika kila jioni kabla ya jua kutua. Usidhani aliweza mara moja. Tui lilikatika Jumanne, likakatika tena Jumatano. Alhamisi alisahau chumvi. Kwenye tanuri wenzake walimpachika jina la Mama Mbeyu, na yule mshauri wa moto mdogo ndiye aliyecheka kuliko wote. Masha aliwaacha wacheke. Alijifunza kuchemsha maharagwe mengi na kutia nazi yale ya kuliwa siku hiyo tu, kwa sababu chakula chenye tui hakilali. Yaliyobaki aliyachemsha upya asubuhi mpaka yakapinduka, kama alivyoambiwa, ndipo akawawekea watoto. Mbeyu alirudi shule. Jedida aliacha kutema, lakini hakusema kitu. Alikula, akamtazama baba yake, akaendelea kula.

Kila jioni Masha alionja na kutikisa kichwa. Alikuwa akiitafuta ile ladha ya Kadii. Alidhani mama mkwe akiionja atajua kwamba binti yake bado yumo nyumbani humo, na moyo wake utalainika. Kila siku aliona ameikaribia. Kila siku alikuwa hajaifikia.

Jumamosi ilifika. Mama mkwe aliingia kabla ya adhuhuri, vumbi la njia miguuni, Mramba nyuma yake. Watoto walimwamkia, "Shikamoo, hawe," naye akawapapasa mikono na mbavu mmoja baada ya mwingine. Hakusema ameona nini. Aliketi kwenye mkeka wa barazani.

"Nguo zao umefunga?" aliuliza.

"Nimezifunga, mama," alisema Masha. Zilikuwa kwenye furushi karibu na mlango. Alikuwa ameahidi kwamba hatamzuia. "Lakini umetoka mbali. Kula kwanza."

Mwanamume kumpikia mama mkwe wake ni jambo ambalo Masha hakuwa amewahi kulisikia. Aibu ilimchoma masikio. Alibaki jikoni, akamimina kasimile, akakoroga polepole. Uso wa mchuzi ulipoanza kutetemeka, akaepua. Tui lilikuwa laini, halikukatika hata punje. Akampa Mbeyu bakuli na sima ya unga wa manjano apeleke.

Alisimama nyuma ya ukuta, akasikiliza. Alisikia maji ya kunawa. Kisha akasikia kilio.

Masha alichungulia. Mama mkwe alikuwa ameshika tonge mkononi, machozi yanateremka.

"Nani amepika?" aliuliza yule mama.

"Ni baba," alisema Mbeyu.

"Masha, njoo hapa."

Masha alitoka, akasimama mbali kidogo, macho chini.

"Nilipokuja," alisema mama mkwe, "nilisikia harufu ya nazi tangu njiani. Moyo wangu ukaruka. Nikasema, huyo ni Kadii. Nikasahau kabisa kwamba tulimzika." Alijifuta kwa pembe ya leso. "Sasa nimeonja. Si ya Kadii hii."

Masha alifuta majivu mikononi. "Nimejaribu, mama. Nimejaribu kila siku."

"Kadii alitia chumvi nyingi. Nilimgombeza tangu utotoni, hakusikia. Na pilipili alikuwa akiitia nzima, haipasui. Hii haina vile. Hii ni ya mtu mwingine." Alimtazama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza. "Ni yako. Mwanangu amekwenda, Masha. Hatarudi kwa chungu wala kwa kitu kingine. Tusijidanganye, mimi na wewe."

Masha alifunika uso kwa viganja. Mambo yote aliyokuwa ameyafanya siku zile saba, alielewa sasa, alikuwa akiyafanya ili Kadii arudi. Alilia mbele ya mama mkwe wake, na mama mkwe alilia mbele yake, na desturi yao ya kuoneana haya ikawasubiri kando mpaka walipomaliza.

Jedida hakuwa na habari na vilio vya wakubwa. Alikuwa amejisogeza karibu na bibi, akachota kwa tonge kutoka bakuli lile lile. Alikula moja, akala la pili.

Mama mkwe alimtazama akila. Alimtazama mpaka mtoto aliporamba vidole.

"Hutapiki siku hizi?" alimwuliza.

"Sitapiki," alisema Jedida. "Hawe, kama hutaki nimalizie."

Mama mkwe alimsogezea bakuli. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Mramba, lile furushi lirudishe ndani."

"Mama?"

"Lirudishe. Wamepata wa kuwapikia."

Mramba aliinuka, akafanya alivyoambiwa. Masha alikwenda jikoni, akatia maji kwenye sufuria, akasukuma kuni ndani, akayangojea mpaka yakapinduka. Ilikuwa chai ya mama mkwe, na alimpelekea mwenyewe, kwa mikono miwili.